Chai Kiporo kwa Mtaalamu

Mdogo wangu ni fundi wa mizani. Nalisema hilo mwanzoni kwa sababu yeye mwenyewe hulisema mwishoni kabisa, akishakuchosha na habari za chai, ndipo anakumbuka kwamba ana kazi pia. Karakana yake iko nyuma ya soko, chumba kimoja chenye mlango wa bati na meza iliyojaa springi, sahani zilizopinda na mawe ya kupimia yaliyolika pembeni. Wauza nyama humpelekea mizani zao zikianza kusema uongo. Wengine humpelekea zikianza kusema kweli, na hao huwafukuza bila kuwakaribisha kiti. Kwa hilo namheshimu. Ni fundi hodari, na angebaki na mizani zake tungeishi kwa amani.

Mtaani wanamwita Mtaalamu. Jina hilo nilimpa mimi kwa kumkejeli, siku aliyomkatalia mgeni sukari, na mwenzangu akalipokea kwa mikono miwili. Sasa hata yeye akipiga simu husema, "Dada, ni mimi, Mtaalamu." Kejeli yangu yote ikaniishia mkononi.

Chanzo cha habari hizo za chai ni mzani mkubwa wa mfanyabiashara mmoja wa jumla aliyekuwa akiuza majani ya chai kwa magunia. Fundi wetu akautengeneza, ukasimama sawasawa, na yule bwana kwa furaha akampa pakiti ya majani mazuri ya kuonja. Pakiti moja tu. Laiti angempa kuku, tungemla, hadithi ikaisha. Lakini alimpa majani, na kwa bahati mbaya akampa na maelezo.

Kabla ya hapo mdogo wangu alikunywa chai kama binadamu. Mama alikuwa akiipika kwenye sufuria, maji na maziwa na majani na sukari vyote pamoja, inapanda, anaishusha, inapanda tena, mpaka inakuwa na rangi ya udongo wa mfinyanzi na utando juu. Huyu huyu alikuwa akichovya mkate humo mpaka nusu ya mkate inabaki chini ya kikombe, kisha anaifukua kwa kijiko. Leo ukimkumbusha anageuza uso kama unamtajia jela aliyofungwa.

"Dada," ananiambia, "nyinyi hamjawahi kunywa chai. Mnakunywa supu ya majani."

Ukutani sebuleni kwake, pale ambapo watu wenye akili huweka picha za watoto, kuna rafu ya makopo. Kuna nyeusi, kuna ya kijani, kuna eti nyeupe, nami nimeiangalia kwa macho yangu mawili na si nyeupe hata kidogo, ni majani makavu tu kama yale tunayofagia uani. Kuna iliyokaushwa kwa moshi, inanuka kama blanketi la mlinzi. Kuna ya maua. Kuna moja ni vumbi tupu, inapigwapigwa kwa kibrashi mpaka itoe povu, na rangi yake sitaki kuieleza. Kila moja ina birika lake. Birika la kioo ni la hii, la chuma ni la ile, na kuna kibirika kidogo cha udongo ambacho hakiguswi na sabuni tangu kiingie katika nyumba ile, kwa sababu, anasema, udongo unakumbuka. Mimi nimeosha vyombo tangu utotoni, na hicho anachokiita kumbukumbu mimi nakiita ukoko.

Majani anayapima kwa mizani ndogo ya sonara. Maji anayatumbukizia kipimajoto. Halafu anasimama na saa mkononi, kimya, na wewe mgeni unatakiwa ukae kimya vilevile, kana kwamba kuna maiti ndani. Neno "kuchemsha" kwake ni tusi. Nilikosea siku moja nikamwambia nimekuja anichemshie chai.

"Chai haichemshwi, Dada. Maji ndiyo yanachemshwa. Chai inalowekwa."

"Vinavyolowekwa ni maharage na soksi," nikamwambia.

"Ndiyo maana anayechemsha, amechemsha," akajibu, akacheka peke yake, maana vijana siku hizi wakisema mtu amechemsha wanamaanisha ameboronga. Alikuwa ameufikiria mzaha huo kwa muda mrefu, ilionekana usoni.

Ukishavumilia yote hayo unapewa kikombe. Kikombe! Kijidude cha kutosha kuoshea jicho. Mwanzoni nilidhani amekuwa mkono wa birika, mchoyo wa kutupwa, maana mabirika yalikuwa mengi na chai haikuwepo. Kumbe hapana, ndivyo inavyonywewa na wanaojua. Unakamata kwa vidole, unanusa, humezi kwanza. Yeye anavuta chake kwa mlio wa bomba lililokatiwa maji, anafumba macho, halafu anakuuliza umeonja nini. Mara ya kwanza nilimwambia nimeonja maji ya moto. Alisikitika kwa niaba yangu jioni nzima.

Mkewe, wifi yangu, hashindani naye. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, anatoka alfajiri kabla mumewe hajaamka, na huko kazini wana sufuria lao kubwa la chai nzito ya maziwa ambalo yeye hujichotea kwa kata. Aliniambia hilo miaka mingi iliyopita na sijaitoboa siri yake. Nyumbani anaonja, anatikisa kichwa, anasema "nasikia kama asali kwa mbali," na maisha yanaendelea. Ni mwanamke mwenye subira, au ni mwongo mzuri, na kwa ndoa hiyo vyote viwili vinahitajika.

Basi. Mimi ni mshona mapazia, nakaa ghorofani kabisa katika jengo lisilo na lifti, na upuuzi huo wote nilikuwa nakwenda kuutazama nikiwa na nafasi, nikitaka. Sikuwa na ugomvi nao. Mtu na pesa zake, mtu na majani yake. Ugomvi ulianza Mama alipoanguka bafuni.

Hakuvunjika, lakini nyonga iliumia vibaya. Tangu baba yetu afariki Mama alikuwa akikaa peke yake kwenye nyumba yake ndogo, anajipikia, anajifulia, na tukimshauri ahamie kwa mmoja wetu anatuuliza kama tumeambiwa na mtu kwamba amezeeka. Sasa alilazwa. Wodini kitanda chake kilikuwa na vyuma pande zote mbili ili asishuke, na akitaka hata kujisaidia ilibidi aite, asubiri, aite tena. Mwanamke huyo aliyetulea kwa sauti moja tu, sauti ya amri, nilimkuta akiita "nesi, tafadhali" kwa sauti sijawahi kuisikia. Aliporuhusiwa kutoka, kitu alichotuambia kwenye gari ni kwamba hata iweje, asirudishwe tena mle.

Daktari alisema asikae peke yake mpaka nyonga ipone. Kwangu ngazi zingemmaliza. Kwa mdogo wangu ni chini, hakuna hata kidaraja cha mlangoni. Kwa hiyo akaenda kwa Mtaalamu, naye akajipiga kifua. "Mama atakaa kwangu, atakula vizuri, na mwisho wa yote atakunywa chai kabla hajafa." Nikamwambia atakayekufa kwanza ni yeye mwenyewe. Lakini nilikubali, ningefanyaje?

Alimwandalia chumba kizuri, hilo sitalificha. Kitanda cha kimo kizuri, mkeka usioteleza, kitembezi cha chuma cha kujishikilia karibu na mto. Na akamwekea sheria. Asiingie bafuni bila mtu nje ya mlango. Asiinue kitu. Jiko asiliguse kabisa, akiungua je? Kila usiku kabla ya kulala alifunga mtungi wa gesi kwa mkono wake mwenyewe, akaukaza hasa, mkono wa fundi.

Asubuhi ya kwanza Mama akaamka na mapema yake, akasikia nyumba kimya, wifi keshatoka, akangoja. Mtaalamu alipoamka akaenda kumwamkia.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Kiporo hakuna?"

"Kiporo cha nini, Mama?"

"Cha chai. Ile iliyobaki jana."

Mdogo wangu alinihadithia hilo kwenye simu huku akicheka kwa fahari, kwa sababu ya jibu alilompa. "Nikamwambia, Mama, katika nyumba hii chai hailali." Aliipenda sana sentensi hiyo. Aliirudia kwangu, kwa wifi, na kwa muuza nyama mmoja aliyekuja kuchukua mizani yake. Na ni kweli, kwake chai hailali. Ikipita saa yake anaimwaga, anasuuza birika, anafuta meza. Hawezi kulala akijua kuna chai imebaki mahali inapoa.

Akamtengenezea Mama chai ya kijani. Alimpimia, akamlowekea, akamsimamia na saa. Mama akanywa funda moja, akasema ahsante mwanangu, akaweka kikombe. Asubuhi iliyofuata akauliza tena kama hakuna kiporo. Akapewa ile inayoitwa nyeupe. Funda moja, ahsante mwanangu. Ikawa hivyo. Ya maua, ahsante. Ya moshi, aliinusa akauliza kama nyumba inaungua, kisha ahsante. Maji nayo hakuyataka, uji aliuacha. Alikuwa ananyauka kitandani, midomo imepasuka, na mwanawe yuko mlangoni anaandaa kopo jingine.

Muuguzi aliyekuwa akipita kumwangalia nyonga ndiye aliyetutisha. Alimfinya Mama ngozi ya nyuma ya mkono, ikabaki imesimama. Akatutoa nje. "Mama yenu anakauka," akasema. "Anywe. Chochote anachokipenda, hata kama ni soda, anywe tu. Nitapita tena kesho kutwa. Nikimkuta hivi, anarudi wodini, awekewe dripu."

Alisema taratibu, lakini mlango ulikuwa wazi. Niliporudi chumbani Mama alikuwa amegeukia ukuta.

Nikamkamata mdogo wangu jikoni. "Umesikia? Chochote anachokipenda. Anataka kiporo. Mpe kiporo."

"Dada, ninalifanyia kazi."

Nikaamini. Mimi ni mjinga wakati mwingine. Niliporudi jioni na kazi yangu ya kupinda pindo mkononi, nikamkuta ameketi mezani na kitu cheusi, cha mviringo, kilichofungwa kwa karatasi, kikavu kama kisigino. Alikuwa anakimegua kwa bisibisi ya karakanani.

"Hii ni nini?"

"Kiporo," akasema. Macho yalikuwa yanamng'aa. "Dada, nilikuwa simwelewi Mama. Yeye ameniacha mbali sana. Kumbe kuna chai inayozeeshwa! Inashindiliwa, inawekwa gizani miaka, inazidi kuwa tamu. Chai iliyolala. Mama kwa ulimi wake tu, bila kufundishwa na mtu, amefika huko!"

Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga, na kati ya hayo mawili nikakaa kwenye kiti. Mtu amezaliwa na mwanamke, amekulia jikoni kwake, ameondoka kwenda shule asubuhi kibao akiwa na chai ya jana tumboni, iliyopashwa moto haraka haraka. Neno "kiporo" amelijua kabla hajajua jina lake kamili. Sasa linatamkwa mbele yake na mama yake mzazi na anakwenda kulinunua dukani! Masikio yalikuwepo, lakini utaalamu ulikuwa umeyaziba.

Akamlowekea. Ilitoka nyeusi ti, ina harufu ya stoo iliyovuja. Akampelekea Mama kwa mikono miwili. Mama akaonja, akamtazama mwanawe.

"Hii walikuwa wameizika wapi?" akauliza.

Hakusema hata ahsante.

Nikamwambia mdogo wangu akae pembeni sasa, kazi hii ni ya watu. Aliporudi karakanani kumalizia mizani ya mteja, nikaingia jikoni kwake, nikatafuta sufuria la kawaida, nikalipata nyuma ya yote, nikapika chai. Nikachemsha! Nikaichemsha mpaka ikapanda, nikaishusha, nikaipandisha tena, kwa makusudi, na ningeweza ningemrekodia asikie inavyotokota. Nikaifunika kwa sahani nikaiacha juu ya jiko ilale. Nikamwambia Mama, "Kesho asubuhi kiporo chako kipo." Akanishika mkono, akaubana kidogo. Nikaenda zangu nyumbani nimeinua shingo.

Asubuhi nikampigia wifi kazini, kelele za mashine nyuma. "Amekunywa?"

"Wifi," akasema, "alirudi jana akaikuta. Ameshamwaga na sufuria ameosha."

"Hukumwambia?"

"Nilimwambia. Akasema hawezi kumpa mama yake sumu. Anasema chai ikilala inatoa uchungu, inaharibu tumbo, ana ushahidi. Mimi nilikuwa nimesimama kwa miguu tangu alfajiri, wifi yangu. Nilikwenda kulala."

Damu ilinichemka. Nilifunga duka langu la kushonea, wateja na mapazia yao wangoje. Nikapika chai kwangu? Hapana, sikuhitaji, kwangu ilikuwepo. Kwangu ipo siku zote, chai ya jana, kama nyumba yoyote yenye akili timamu. Nikaipasha, nikaijaza kwenye chupa ya chai, ile ya kutunza moto, nikashuka ngazi zote zile nimeikumbatia, nikafika nikampita mdogo wangu mlangoni bila salamu. Alikuwa na kisaa chake mkononi.

"Mama," nikasema, "hiki hapa. Kiporo chenyewe. Cha kwangu, cha jana, kimepashwa. Hakuna kopo, hakuna bisibisi."

Nikammiminia kikombe kizima, kikombe cha mtu mzima. Mtaalamu alisimama kizingitini amebana pua. Nilimtazama yeye nilipokuwa nampa Mama, nakiri, nilitaka aone.

Mama akanywa funda moja. Akalimeza. Akanitazama kwa upole mwingi kuliko ninaoustahili.

"Nzuri, mwanangu," akasema. "Ahsante. Weka hapo."

Na akaweka kikombe kando, akageukia ukuta.

Nadhani sijawahi kukasirika vile. Nilimtoa mdogo wangu uani nikamshukia kama mvua. Nilimwambia amemharibu Mama ulimi. Nilimwambia amemlisha maua na moshi na vitu vilivyozikwa mpaka mwanamke wa watu hatambui tena chai ya kweli ikiwekwa mbele yake. Yeye akasema yangu ilikuwa imeungua, ameinusa kutoka mlangoni, na kwamba kiporo si aina ya chai, ni aina ya uvivu. Nikamwita mpima majani. Akaniita mchemshaji. Majirani walikuwa wamesimama kwenye ukuta wao, hawajifichi. Watu wazima wawili, mmoja ana mvi, wanatukanana kuhusu chai, na mama yao ndani anakauka.

Muuguzi angekuja kesho yake. Nikasema silali kwangu, nalala hapa, na chumba cha Mama nalala mimi. Kabla ya kulala nilitaka kuosha ile chupa niliyokuja nayo, ilikuwa bado imejaa karibu yote, lakini Mama akasema iache hapo kwenye kistuli, labda atakunywa baadaye. Nikaiacha. Nilikuwa nimechoka na nilikuwa na hasira, na mkeka wa mdogo wangu, kwa kuwa ni wa kutoteleza, una miiba.

Kilichoniamsha ni kelele ya chuma jikoni. Kulikuwa kumepambazuka. Kitanda cha Mama kilikuwa kitupu, shuka limekunjwa, kitembezi hakipo, chupa haipo.

Nilikimbia nikagongana na mdogo wangu koridoni, yuko na bukta na jicho moja limefunguka. Tukafika mlango wa jikoni pamoja, tukakwama pale bega kwa bega.

Mama alikuwa amesimama mbele ya jiko. Mkono mmoja umeshika ukingo wa meza, mwingine unakoroga. Moto wa gesi ulikuwa unawaka chini ya sufuria dogo, na ndani yake chai yangu, ile ya juzi sasa, iliyokuwa imelala kwenye chupa tangu jana na maziwa yake, inaanza kupanda. Harufu ilinifikia. Ilikuwa imechachuka.

"Mama, moto!" akasema mdogo wangu.

"Mama, hiyo imeharibika!" nikasema mimi.

"Gesi nani kafungua?"

"Mkwe wangu," akasema Mama bila kugeuka. "Nilimwomba asubuhi akitoka aniachie wazi. Hakuniuliza ya nini."

"Usiinywe, Mama," mdogo wangu akasema. "Nipe muda kidogo tu, nakutengenezea nyingine."

"Kaa, Mama, nakupikia mimi," nikasema. "Nakuletea kitandani."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yetu mimi na Mtaalamu tulikuwa tumekubaliana kuhusu chai. Tukasogea wote wawili kumshika, yeye kiwiko cha kulia, mimi cha kushoto.

"Msinishike," akasema.

Ilikuwa ile sauti yake. Tukarudi mlangoni. Akazima moto mwenyewe, akainamisha sufuria pole pole, nyingine ikamwagikia mezani, nyingine ikaingia kikombeni. Akakishika kwa mikono miwili akanywa, na hakuishia kwenye funda moja. Alikunywa mpaka chini, koo lake linapanda na kushuka, mwanamke mwenye kiu.

Mdogo wangu hakuweza kujizuia. Hajui kusimama mbele ya chai bila kuuliza. "Ikoje, Mama?"

Mama akafuta mdomo kwa kiganja.

"Mbaya," akasema. "Mbaya kabisa. Lakini sikumwomba mtu aniletee."

Akajimiminia kikombe cha pili, akatuambia tuondoke pale mlangoni, tunamzibia mwanga.